Nafasi ya Kikohozi

Edina Tweve alipofika mwaka wa tatu wa uhandisi wa kompyuta alikuwa anataka kitu kimoja tu: mtu amruhusu kufanya utafiti. Mihadhara alihudhuria, mitihani alifaulu, lakini hayo hayakumtosha. Alitamani kuingia maabara ambamo chipu zinachorwa na kompaila zinaandikwa, apewe kazi ambayo jibu lake halimo nyuma ya kitabu. Vyuo vya ng'ambo alivyovitamani vilimuuliza kila mwombaji swali lilelile: wewe mwenyewe umewahi kutengeneza nini? Na Edina, binti wa wakulima wa viazi wa Makete, hakuwa na la kujibu.

Aliwaandikia wahadhiri wa chuo chake, Chuo cha Uhandisi cha Nyanda za Juu, pale Mbeya. Wengi hawakujibu. Mmoja alimweleza kwa adabu kwamba nafasi ni za wanafunzi wa uzamili. Mwingine aliahidi kumpigia simu, na simu ile Edina aliisubiri mpaka akasahau kwamba anaisubiri.

Siku moja, kipindi kilipokwisha, akapiga moyo konde na kumfuata Profesa Eliwaza Mshiu hadi mlangoni pa ofisi yake. Profesa Mshiu alikuwa mama wa Kipare, mfupi, mwenye mvi alizozikata karibu na ngozi. Wanafunzi walimwogopa kwa sababu hakupaza sauti hata siku moja.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba. Wewe ndiye unayeuliza maswali wakati wenzako wameshafunga mabegi."

"Ndiyo, Profesa. Samahani."

"Kuuliza hakuombewi samahani. Sema shida yako."

Edina akasema. Alisema haraka haraka, kama mtu anayehofia mlango utafungwa. Profesa alimsikiliza akiwa ameshika funguo mkononi, kisha akauliza, "Msimbo mfu ni nini?"

"Ni amri zilizomo kwenye programu lakini matokeo yake hayatumiki popote. Kompaila ikiziona inazifuta, ili nafasi ipatikane kwenye chipu."

"Nani aliyeiambia kompaila kwamba hayatumiki?"

Edina hakuwahi kulifikiria. "Nadhani... yule aliyeiandika."

Profesa akaingiza ufunguo kitasani. "Njoo Jumatatu," akasema. "Na uvae viatu vya kutembelea. Kazi yetu haikai maabara tu."

*

Kazi yenyewe ilikuwa ya vidaraja.

Kidaraja ni chipu ndogo kuliko ukucha wa mtoto, inayopandikizwa shingoni mwa mtu aliyevunjika uti wa mgongo. Ubongo ukitoa agizo la kuvuta pumzi, kidaraja hulidaka juu ya pale palipokatika na kulirusha chini yake, na kifua kikapanda. Ila neva za watu hazisemi lugha moja. Agizo la pumzi katika mwili wa huyu silo la mwili wa yule. Kwa hiyo kila mgonjwa alirekodiwa neva zake, na kompaila, mkalimani wa mitambo, ikazitafsiri rekodi hizo kuwa lugha inayoeleweka na chipu. Kompaila ya vidaraja aliiandika Profesa Mshiu akiwa bado kijana.

Kisha kampuni iliyofyatua vidaraja ikafa. Mashine zake zikauzwa vipande vipande, mafundi wakatawanyika, na hakuna aliyefyatua kidaraja tena. Vilivyobaki vilikuwa shingoni mwa watu, neva zimevizungukia kama mizizi inavyokumbatia jiwe. Kuking'oa kimoja kulikuwa kumng'oa mtu uhai. Na vilikuwa vinachakaa. Kila baada ya muda safu moja au mbili za kumbukumbu zilikufa ndani ya chipu, na programu ya mgonjwa ikabidi itafsiriwe upya ili ienee kwenye nafasi iliyosalia.

"Ni familia ileile," Profesa alimwambia Edina siku ya kwanza, akimwonyesha kwenye skrini safu zilizokuwa zimegeuka nyeusi. "Kila ukihama, nyumba mpya ina chumba pungufu. Kazi yako ni kuwapanga walale wote."

"Na wasipoenea?"

"Mmoja analala nje." Profesa akazima skrini. "Twende ukamwone mgonjwa wako. Sitaki ujifunze kwa skrini."

Mgonjwa huyo aliitwa Sekela Mwakajila, mkunga, na hawakumkuta kitandani. Walimkuta wodi ya wazazi. Miaka ya nyuma gari la wagonjwa lilipinduka naye mteremkoni akimsindikiza mama aliyekuwa katika uchungu. Mama yule na mwanawe walipona, Sekela akavunjika shingo. Sasa alikaa kwenye kiti cha magurudumu, mwili wote umetulia kama mzigo uliowekwa, na kiti kilikuwa kimesogezwa hadi karibu kabisa na sikio la msichana aliyelala akilia kwa uchungu wa kujifungua.

"Mwanangu, nitazame mimi," Sekela alikuwa anasema. Sauti yake ilikuwa nzito, ya chini, haina haraka. "Usisukume. Najua inakuita, usiiitikie bado. Pumua kama unapoza uji. Eeh, hivyo hivyo. Uji bado wa moto. Puliza."

Msichana akapuliza. Nesi aliyekuwa miguuni mwa kitanda alifanya kwa mikono yale ambayo Sekela aliyasema kwa mdomo. Edina alisimama pale mlangoni, akasahau kwamba alikuja kwa ajili ya chipu. Hata mtoto alipolia, Edina naye machozi yalikuwa yanamtoka, asijue ni ya nini.

Sekela akawaona. "Profesa umeniletea mgeni."

"Mwanafunzi wangu, Edina. Ndiye atakayekutafsiri safari hii."

"Mwaka wa ngapi?"

"Wa tatu, Sista," Edina akajibu. "Shikamoo."

"Marahaba. Wa tatu!" Sekela akacheka, na kicheko kile kilitoka kifuani, cha kweli. "Basi mwanangu shingo yangu ndiyo kitabu chako. Usikikunje kurasa."

*

Edina aliipenda kazi ile kama mtu anavyompenda mtu. Aliamka akiiwaza. Alijifunza kusoma rekodi za neva za Sekela hadi akaweza kutofautisha, kwa kutazama mawimbi tu, kumeza mate na kumeza uji, kuguna na kutaka kusema. Alikwenda wodini mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Huko alimzoea pia Lugano, mdogo wake wa kike Sekela, aliyeacha kazi yake ya ushonaji ili amtunze dada yake. Lugano ndiye aliyemlisha, aliyemgeuza asipate vidonda, aliyemsuka nywele. Hakuwa mtu wa maneno. "Maneno yote alichukua huyu," alizoea kusema, akimwonyesha dada yake kwa kidevu.

Vidole vya Sekela vilikuwa vimeshatoka kwenye programu kabla Edina hajafika. Wakati fulani kidaraja kiliweza kumpa vidole viwili vya mkono wa kulia, akashika kijiko. Safu zilipokufa, vidole vikaachwa nje. Kilichobaki kilikuwa pumzi, kumeza, kikohozi na sauti.

Masika yalipokuwa yanaelekea ukingoni, kipimo kipya kikaonyesha kwamba safu nyingine zinazimika, nyingi kwa mpigo. Edina akajifungia maabara. Akaona jambo ambalo kompaila ya zamani haikuliona: pumzi na sauti zinatumia msuli uleule wa kiwambo, ule ulio chini ya mapafu, kwa hiyo hapakuwa na haja ya kuuandikia msuli ule mara mbili. Akaiandika kompaila upya ili sehemu hizo mbili ziazimane amri. Programu ikapungua. Profesa Mshiu alisoma kazi ile mwanzo hadi mwisho, kisha akavua miwani.

"Nimeitazama kompaila hii miaka yote," akasema, "na hili sikuliona."

Edina alitoka pale miguu haigusi chini. Jibu la swali la vyuo vya ng'ambo sasa alikuwa nalo.

Furaha hiyo haikufika mbali. Walipoijaribu programu kwenye kidaraja kibovu walichokuwa nacho maabara, cha mgonjwa aliyefariki, kilichochakaa sawasawa na cha Sekela, haikuenea yote. Pumzi ilikaa. Kumeza kulikaa. Lakini kikohozi na sauti kila kimoja kilihitaji safu zilezile za mwisho, na hapo hapakuwa na kuazimana, kwa maana kikohozi hubana koo ghafla kwa nguvu zote, na sauti huliachia kidogo kidogo. Edina aliwapanga, akawapangua. Alibana kila amri iliyobanika. Mwisho akarudi kwa Profesa mikono mitupu.

"Kikohozi au sauti," akasema. "Vyote viwili havilali."

Profesa Mshiu hakushtuka. Pengine aliliona likija tangu zamani. "Kanuni ya kompaila ni pumzi kwanza," akasema. "Kikohozi ni mlinzi wa pumzi. Mtu asiyeweza kukohoa, mafua ya kawaida yanamzamisha kama maji. Sauti itaachwa nje."

"Sista Sekela bila sauti?"

"Atakuwa hai, Edina."

*

Walimweleza Sekela mchana, nyuma ya wodi, palipokuwa na jua. Lugano alikuwepo, akimchambulia dada yake mboga kwenye ungo. Profesa alieleza yote bila kuficha. Alimwambia pia kwamba kipo kile kioo kinachofuata macho, mtu akitazama herufi kinaandika na kusema kwa niaba yake.

Sekela alisikiliza. Kisha akasema, "Kioo nilikitumia kabla hamjanirudishia sauti. Herufi moja, unasubiri, herufi nyingine. Mwanamke uchungu umembana anasubiri herufi? Ile sauti ya bati inamwambia 'usisukume' mtoto ameshatoka." Akamgeuzia Profesa macho. "Mlichukua vidole, nikasema sawa. Leo mnataka mnibakize kifua kinachopanda na kushuka. Hapana. Toeni kikohozi."

"Da Sekela!" Lugano akauangusha mkono kwenye ungo.

"Nimesema."

"Umesema kwa ajili yako. Mimi je?" Lugano, asiyekuwa mtu wa maneno, alisimama, majani ya mboga yakamwagika miguuni pake. "Mimi ndiye ninayelala nasikiliza kama unapumua. Mimi ndiye nitakayekufunga kidevu. Kaa kimya basi, dada, kaa kimya miaka yote, mimi nitakusemesha. Lakini uwepo!"

Profesa akageuza uso. Edina alitazama majani yale chini, akatamani angekuwa amesomea kitu kingine.

Jopo la hospitali liliitwa. Likaamua kwamba mgonjwa ana akili timamu na mwili ni wake, hivyo chaguo ni lake, ila hakuna mtaalamu atakayelazimishwa kulitekeleza. Profesa Mshiu akatamka palepale kwamba mkono wake hautaliandika.

"Siwezi," alimwambia Edina walipokuwa wawili. "Niliapa niandike kompaila ya kuwapa watu pumzi. Ukikataa na wewe, sitakulaumu, na programu itakayochomwa ndani ya kidaraja ni ya kikohozi. Ukikubali, sitakulaumu pia. Nchi nzima wanaoijua kompaila hii ni mimi na wewe. Sikukuandaa kwa hili, mwanangu. Uliniomba uzoefu wa utafiti."

Edina aliomba apewe siku ya kufikiri. Akaitumia kutafuta njia ya tatu, na akapata nusu yake. Wauguzi wa kifua walimwonyesha kwamba mtu asiyekohoa anaweza kukohozwa kwa mikono: unaweka viganja chini ya mbavu zake, unamngoja avute pumzi, kisha unasukuma kwa nguvu kuelekea juu. Si kikohozi kamili, lakini ni bora kuliko kukosa kabisa. Edina akajifunza. Akamfundisha Lugano, na Lugano akajifunza huku amekunja uso, viganja vyake vya mshonaji vikizijua mbavu za dada yake haraka kuliko vya muuguzi yeyote. "Sijakubali," alisema. "Najifunza tu."

Asubuhi ya kuchoma programu ya sauti, Lugano alitoka kwenda kuchemsha chai. Edina alikuwa anaunganisha waya kwenye ukosi wa mgonjwa.

"Edina," Sekela akasema kwa sauti ya chini. "Ile ya kikohozi unayo pia?"

"Ninayo. Zote mbili nimeziandaa."

"Ukiniwekea hii ya sauti, siku nyingine unaweza kubadilisha?"

"Mara moja tu, Sista. Kila nikichoma, safu nyingine zinakufa. Nikibadilisha kwenda kikohozi, sauti hairudi tena. Haitakuwa na pa kukaa."

Sekela akafumba macho, akayafumbua. "Basi nisikilize. Nimewaona watu wakizama kifua. Siku yangu ikifika nitaogopa. Nikiogopa nitakuambia badilisha. Usinisikilize. Huyo atakayesema si mimi, ni hofu. Mimi ndiye huyu ninayesema sasa hivi. Umenielewa?"

Edina akakaza waya wa mwisho.

"Niahidi."

"Naahidi, Sista," Edina akasema. Akabonyeza.

*

Sekela akaendelea kusema. Alisema kipupwe chote, wakati upepo wa Mbeya unauma masikio na wagonjwa wanaletwa wamefungwa mablanketi. Wanawake walimsikia wakapuliza uji, watoto wakatoka. Wengine waliitwa jina lake. Lugano alimkohoza asubuhi na jioni, na baina ya dada wawili wale kukawa na amani ya namna fulani, isiyosemwa. Hata Profesa Mshiu alianza kupita wodini. Alisimama mbali, akasikiliza, akaondoka.

Kisha mafua yakaingia wodini, kama yanavyoingia kila mwaka. Wauguzi walipiga chafya wakapona. Sekela akashikwa na homa.

Edina alipofika hospitali ilikuwa asubuhi, jua limeshatoka. Lugano alikuwa juu ya kitanda, amepiga magoti, viganja chini ya mbavu za dada yake, anasukuma na jasho linamtiririka. Daktari wa zamu, kijana aliyehamia karibuni, alikuwa ameingiza mrija wa kunyonya makohozi na kuutoa. "Yako chini mno," akasema. "Mrija haufiki, na mikono haitoshi. Anahitaji kukohoa mwenyewe." Akamtazama Edina. "Nimeambiwa una programu ya kikohozi."

"Ninayo."

"Basi unangoja nini?"

Sekela alikuwa anakoroma majimaji. Macho yake yalizunguka chumba, yakampata Edina, yakamshika. Midomo ilikuwa imeanza kubadilika rangi. Akajikusanya, Edina aliyaona mawimbi kwenye skrini kabla ya kuisikia sauti, wimbi la mtu anayetaka kusema.

"Badilisha," Sekela akasema.

"Amesema!" Lugano akalia. "Edina, amesema! Umemsikia!"

Edina alikuwa amemsikia. Akatoka korido na simu mkononi, akampigia Profesa Mshiu, akamweleza yote, pamoja na ile ahadi ambayo hakuwahi kumwambia mtu.

"Niambie nifanye nini, Profesa."

"Nikikuambia ubadilishe, nitakuwa nimeshinda ubishi wangu," Profesa akasema taratibu. "Na nikikuambia usibadilishe, nitakuwa nimeua mtu kwa sababu ya kuheshimu ahadi. Mimi sikuwepo alipokuambia lile la kwanza. Hili la pili sikulisikia pia. Wewe umemsikia mara zote mbili." Sauti yake ikapasuka. "Rudi kwake, mwanangu. Usibaki kwenye simu na mimi."

Edina akarudi. Alijaribu kumtafuta yule mwanamke wa asubuhi ya ahadi, aliyesema mimi ndiye huyu. Lakini aliyekuwa mbele yake ni huyu mwingine, mwenye jasho usoni na hofu machoni, na huyu naye alikuwa Sekela. Alikuwa na sura yake, na sauti yake ileile nzito. Angewezaje kumwambia kwamba yeye si yeye?

Akainama sikioni. "Sista, uliniambia nisikusikilize. Unakumbuka? Ukisema tena, nitafanya."

Kwa kitambo kifupi macho ya Sekela yalitulia. Alikumbuka. Edina aliapa baadaye kwamba alimwona akikumbuka. Kisha kifua kikakwama, hofu ikarudi, na midomo ile ikasema, bila pumzi ya kutosha, neno la mwisho ambalo Sekela Mwakajila alilisema hapa duniani.

"Tafadhali."

Edina akachoma programu.

Kidaraja kilizima, kikawaka. Mwili wa Sekela ukajikunja, koo likabana, na akakohoa. Alikohoa kikohozi kikubwa, cha kutoka chini kabisa, tena na tena, na daktari akamgeuza ubavu huku akicheka kwa nafuu, na Lugano akamshika dada yake kichwa, analia na kumshukuru Mungu kwa Kinyakyusa. Edina alikaa sakafuni. Kwenye skrini aliona wimbi analolijua vizuri, wimbi la mtu anayetaka kusema, likija, likifika kwenye kidaraja, na kuishia hapo.

*

Sekela alipona homa. Akarudishwa nyumbani kwao, nje kidogo ya mji, chumba chenye dirisha linalotazama mashamba ya kahawa. Wodini hakurudi. Waliwahi kumpeleka mara moja, wakidhani atafurahi. Mwanamke mmoja alipoanza kulia kwa uchungu, Sekela akafumba macho na hakuyafumbua hadi walipomtoa. Kioo cha kusoma macho kiliwekwa mbele yake. Hakukitazama.

Kazi ya Edina ya kompaila ilitolewa kwenye jarida, jina lake likiwa la kwanza. Profesa Mshiu alisisitiza hivyo. Baadaye chuo kimoja cha ng'ambo kikamwita. Wenzake walimfanyia sherehe ndogo bwenini, akacheka nao, akala keki.

Kabla ya kuondoka alikwenda kuaga. Alikuwa amekwenda mara kadhaa kabla ya hapo, na kila mara Sekela aliyaondoa macho usoni mwake na kuyapeleka dirishani. Lugano alimpokea uani kwa furaha, akamkumbatia, akamwambia ameshamchinjia kuku. Tangu siku ile Lugano alimwita mdogo wangu. Shukrani ile ilimwelemea Edina kuliko lawama.

Aliingia chumbani, akaamkia, akaketi kwenye kigoda. Alizungumza kuhusu safari, kuhusu Profesa, kuhusu baridi.

"Sista," akasema mwishowe, "nilikosea?"

Macho ya Sekela yalikuwa dirishani. Yalikaa huko muda mrefu. Kisha yakageuka, na badala ya kumtazama Edina yakaenda kwenye kioo, yakatafuta herufi. Kioo kikalia kidogo. S. Macho yakatafuta tena. I. Edina alishika kigoda kwa mikono miwili. J. Nje, Lugano alikuwa anapepeta mchele, na ungo ulisikika ukipigwapigwa. U. Sekela alipumzika, jicho moja likitoa machozi kwa kuchoka au kwa jambo jingine. Kisha akaimalizia.

*Sijui,* ile sauti ya bati ikasema.

Edina akatikisa kichwa. "Hata mimi, Sista," akasema. "Hata mimi sijui."

Sekela akamtazama. Hakuyaondoa macho safari hii. Wakakaa hivyo, wawili, mpaka Lugano alipoingia akifuta mikono kwenye kanga, akasema saa ya kumgeuza mgonjwa imefika, na je, Edina anaweza kumsaidia, maana mgongo unamuuma.

"Shika hapa, chini ya bega," Lugano akamwelekeza. "Si kwa nguvu. Msubiri avute pumzi kwanza."

Wakamsubiri. Alipovuta, wakamgeuza.